Kasmir na Upepo wa Matairi ya Tela

Kamera ile haikufungwa kwenye tela ili kumpeleleza shemeji yangu. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani kwetu Kizwite limeshasemwa sana, na wengi wanaolisema wamekula kwenye sahani zangu. Wanasema mimi, Mwalimu Klementina, nimemfungia Kasmir jicho nyuma ya gari kwa kuwa alikuwa anashusha magunia njiani. Wengine wanasema tairi lilipasuka mwezi wa tano pale mlimani kwa sababu Kasmir alikuwa amelewa. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza hilo la pili baada ya sala, huku amenishika mkono kwa huruma. Nilimwambia aandike swali lake kwenye karatasi, nami nitamjibu kwa karatasi. Hakuandika. Basi naandika mimi.

Kasmir ni mdogo wake marehemu mume wangu, Teodori. Alizaliwa Mpui miaka hamsini na tisa iliyopita, akamaliza darasa la saba, akabaki nyumbani akiendesha mkokoteni wa ng'ombe wa baba yake. Teodori aliponunua pikapu na tela la magurudumu manne, alimwita mjini. Mume wangu alikuwa hodari wa kupanga safari lakini hakuweza kurudisha tela nyuma hata uwanja ukiwa mtupu. Kasmir aliweza siku ya kwanza. Alipoulizwa amejifunzia wapi, alisema tela halina tofauti na ndama: ukimvuta kushoto, anakwenda kulia.

Ni mtu mfupi, na anavaa sweta la kijivu hata akishuka bondeni kwenye joto. Anaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kigango. Jumapili baada ya misa hunywa vikombe viwili vya pombe ya ulezi, na ninaliandika hilo kwa sababu sitaki mtu aseme nimeficha. Siku ya usukani hanywi kitu zaidi ya uji. Mimi ndiye ninayemkorogea uji huo saa kumi na moja asubuhi, kwa hiyo ninajua kilichomo. Hajawahi kuniita shemeji. Ananiita Mwalimu, kama mji mzima, kwa sababu nilifundisha fizikia kwa miaka thelathini na moja.

Kazi yake ni hii. Anatoka Sumbawanga na maharage au viazi, anapita Ntendo, anateremka ukingo wa mlima hadi Muze kwenye bonde la Rukwa, na kurudi juu na mpunga. Juu huku mwezi wa saba asubuhi ni baridi ya kufanya vidole vikatae kufunga kifungo. Kule chini, saa tano tu, mtu anatafuta kivuli. Ni safari ya mlima mmoja, lakini ni kama kuhama nchi.

Mwezi wa tano alikuwa anapanda na mpunga wa Cornelia, mfanyabiashara wa hapa mjini, mwanamke mwenye sauti kubwa na kumbukumbu ndefu. Kwenye kona ya tatu kutoka chini, tairi la nyuma kushoto la tela likapasuka. Tela likayumba, likatupa magunia manne kwenye kokoto. Kasmir alilishika gari lisiende korongoni, akaweka mawe kwenye magurudumu, akabadilisha tairi peke yake. Alipofika mjini mikono yake ilikuwa inatetemeka, na wanaume waliokaa pale stendi wakaona mikono inayotetemeka wakajijazia wenyewe yaliyobaki.

Cornelia hakumpa mzigo tena. Wawili wengine wakamfuata. Kasmir alinifuata jikoni akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu, tairi likipasuka tena, funguo utazikuta mezani."

"Nani atavuta tela?"

"Utauza tela."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitarudi Mpui. Ng'ombe hawanusi mdomo wa mtu kujua kama amekunywa."

Usiku huo sikuandika chochote, nilimpigia simu binti yangu Victoria, aliyeko Mbeya. Nilimwuliza malori makubwa ya njia ya Tunduma yanajuaje hali ya matairi yake ya nyuma. Aliuliza watu, akanitumia boksi. Ndani mlikuwa na kamera mbili, kioo kidogo kama cha runinga cha kuweka mbele ya dereva, na vifuniko vinne vyeusi, kila kimoja kama kizibo cha chupa. Fundi aliyekuja kuvifunga anaitwa Fanueli, kijana wa Kinyakyusa mwenye karakana karibu na Izia. Alivifunga vile vifuniko mahali pa kujazia upepo, kimoja kwa kila gurudumu la tela.

"Hizi ni sensa, mama. Kila moja inapima upepo na joto la tairi lake, inatuma namba kwenye kioo. Ikizidi au ikipungua, inapiga kelele."

"Inatuma kwa njia gani?"

"Kwa mawimbi, kama redio."

"Betri yake iko wapi?"

"Humo humo ndani."

"Inadumu muda gani? Na ikilowa maji?"

Fanueli alimtazama Kasmir. "Baba, huyu mama ni polisi?"

"Mbaya zaidi," alisema Kasmir. "Ni mwalimu wa fizikia."

Nilimwuliza pia kwa nini kamera ni mbili. Akasema ya nyuma ni ya kurudi rivasi, na ya ubavuni inatazama magurudumu ya kushoto, maana tela likipakiwa likajaa, vioo vya pembeni vinaonyesha turubai tu. Hilo ndilo jicho wanalolisema. Linatazama tairi. Haliwezi kuhesabu magunia hata likitaka.

Lakini ni kweli Kasmir mwenyewe hakulipenda. Wiki ya kwanza alining'iniza sweta lake juu ya kioo. Nilipomwuliza, alisema kioo kinamsumbua macho. Alikuwa anasubiri nimwambie kuwa namwamini, na mimi niliona kuwa mtu aliyeishi nyumbani kwangu miaka mingi hivyo hapaswi kuambiwa. Kwa hiyo tulinyamaza wote wawili, na sweta likabaki pale.

Nilikwenda kwa Cornelia mimi mwenyewe. Nilimwomba ampe Kasmir safari moja.

"Moja tu, Mwalimu," alisema. "Na nitakuwa Muze siku hiyo, nimnuse mdomo kabla hajapakia."

"Mnuse. Mimi pia nitakuwepo."

"Wewe? Kwenye pikapu?"

"Nina daftari," nilimwambia.

Tuliondoka alfajiri ya mwisho wa mwezi wa saba. Fanueli alikuwa amejaza matairi yote ya tela upepo wa hamsini, yakiwa baridi kabisa, na umande umeganda kwenye turubai. Niliandika: hamsini, hamsini, hamsini, hamsini. Kasmir alitoa sweta kwenye kioo bila kuambiwa, akalivaa.

Tulipofika Ntendo namba zilikuwa hamsini na mbili. Nilizisoma kwa sauti.

"Utazisoma mpaka Muze?" aliuliza.

"Kila kijiji."

"Bwana wako alikuwa anasinzia hapa hapa ulipokaa. Ilikuwa safari nzuri sana."

Mteremko ulipoanza, nilisahau daftari kwa muda, kwa sababu ya kamera ya ubavuni. Kwenye kona kali tela halifuati njia ya gari. Linakata kwa ndani. Hilo nililijua kwa hesabu. Sasa niliona gurudumu la nyuma likipita kiganja kimoja tu kutoka kwenye ukingo wa mtaro. Kasmir naye aliona. Alisimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka nyuma, akautazama mtaro, akarudi.

"Miaka yote hiyo," alisema, "kumbe linapita pale."

"Hukujua?"

"Nilijua kwa makalio, Mwalimu, nisamehe. Linapokaribia mtaro, kiti kinaniambia. Lakini kuona ni kitu kingine." Akawasha gari. "Bora nisingeona."

Kona iliyofuata aliichukua kwa upana zaidi, macho yakienda kwenye kioo na kurudi, na nikaona kuwa amevutiwa kama mimi. Alianza kuniuliza yeye. Kwa nini kushoto kunaonyesha moja zaidi ya kulia? Nilimwambia jua la asubuhi linapiga upande ule. Akatoa mkono dirishani kulipima jua, akakubali.

Karibu na Muze kioo kilianza kulia. Gurudumu moja lilifika hamsini na tisa, mengine yakafuata. Kasmir alisimama chini ya mti wa kwanza wenye kivuli, akatoa kipande cha nondo nyuma ya kiti, akagonga tairi la kwanza na kutega sikio. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi uani kwangu. Tairi lenye upepo mzuri hulia kama ngoma ndogo. Lenye upepo pungufu hulia kama mto wa kulalia.

"Limevimba," alisema. "Hata kifaa chako kimekubali. Kila tukishuka tunalipunguza kidogo, lipumue."

Aliinama kufungua kile kifuniko. Madereva wote wa kutoka juu hufanya hivi wakifika bondeni. Ni desturi yao, na mimi niliijua kwa jina tu. Nilijua pia kanuni ya gesi na joto; nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Lakini sikuwahi kuiona ikiwa imevaa mpira na kubeba magunia, na kitu fulani kilinikataza kusema kabla sijapima.

"Niachie moja," nilimwambia. "La mbele kulia usiliguse."

"Likipasuka?"

"Tela liko karibu kushushwa mzigo, na tumefika. Niachie hilo moja tu."

"Ah, Mwalimu. Hata matairi unayapa mtihani." Lakini aliliacha. Mengine matatu aliyatoa upepo kwa sikio, akigonga, akitega, mpaka mlio ulipomridhisha. Niliandika: arobaini na sita, arobaini na sita, arobaini na sita, hamsini na tisa.

Cornelia alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Kasmir alirudisha tela nyuma, kichwa nje ya dirisha kama siku zote, na mimi nikimwona Cornelia kwenye kioo akijisogeza karibu na kamera, akitengeneza kilemba. Kasmir aliposhuka, alimsogelea bila haya.

"Fungua mdomo, shemeji."

Kasmir alifungua. Cornelia akanusa.

"Uji," alisema. "Na kitunguu. Haya, shusheni maharage."

Mpunga haukuwa tayari. Magunia mengine yalikuwa bado yanashonwa. Tulikula, tukakaa kivulini, na saa tisa tukarudi kwenye gari kupakia. Kasmir alipozungusha ufunguo, kioo kililia tena. Mlio ulikuwa mwingine, mfupi mfupi. Nilisogeza miwani. Matairi matatu yalisoma arobaini na mbili, na Fanueli alikuwa ameweka kwamba chini ya arobaini na tatu kifaa kipige kelele. Lile la nne, ambalo halikuguswa, lilisoma hamsini na nne na lilikuwa kimya.

"Kimeharibika," alisema Kasmir. "Asubuhi kimelia kwa kujaa, sasa kinalia kwa kupungua."

"Hakijaharibika. Njoo uone."

Nilimwonyesha daftari. Nilimweleza kama nilivyokuwa naeleza kidato cha pili, kwamba upepo ukipata moto unasukuma zaidi, ukipoa unatulia. Zile namba tisa za ziada hazikuwa upepo mpya ulioingia. Zilikuwa joto la barabara na breki. Tairi lilitengenezwa livumilie hilo. Ukiutoa upepo tairi likiwa la moto, likipoa unabaki na pungufu, na hapo ndipo unapolipakia mpunga na kulipandisha mlima. Tairi pungufu likibebeshwa linajikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko kunalichoma kwa ndani.

Alichukua nondo, akagonga lile la mbele kulia, kisha la nyuma kushoto. Akagonga tena. Ukiwa umeambiwa tofauti, unaisikia.

"Lililopasuka lilikuwa hili," alisema, mkono wake ukiwa kwenye la nyuma kushoto.

"Ndiyo. Na siku ile ulilitoa upepo?"

"Kama kawaida."

"Sasa niambie, kwa nini hayakuwa yanapasuka zamani? Desturi hii mlikuwa nayo tangu enzi za Teodori."

Kasmir aliegemea tela. Cornelia alikuwa amesogea, akisikiliza, hakujifanya anafanya kingine.

"Zamani tulikuwa tunalala hapa Muze," alisema. "Tunashuka, tunatoa upepo, gari linalala. Alfajiri, kabla ya kupakia, kaka anatoa pampu ya mguu, tunajaza yote upya. Alikuwa hakubali kupakia kabla ya kujaza. Ilikuwa kazi ya nusu saa."

"Na mliacha kwa nini?"

Aliitazama nondo.

"Kasmir, nimekuuliza."

"Wewe uliandika, Mwalimu."

Nilikumbuka pale pale. Baada ya arobaini ya mume wangu niliandika karatasi ya taratibu za gari, nikaibandika ndani ya mlango wa pikapu. Gari lisilale nje ya Sumbawanga. Vyombo visivyo vya lazima vishushwe. Niliandika vile kwa sababu watu walikuwa wameanza kusema kwamba Kasmir ana mwanamke Muze, na sikutaka jina la nyumba yetu litembee kwenye midomo ya watu msiba ukiwa bado wa moto. Pampu ya mguu niliishusha kwa mkono wangu. Iko stoo, nyuma ya debe la mafuta ya taa. Safari ikawa ya siku moja. Kutoa upepo kulibaki, kwa kuwa huko kunafanyika mchana tairi likiwa limevimba na kila mtu analiona. Kujaza kulikuwa kwa alfajiri ya Muze, na mimi niliifuta alfajiri hiyo.

"Ningeweza kujaza hata mchana," alisema Kasmir haraka, kana kwamba mimi ndiye niliyeshtakiwa. "Lakini kwenye jua lile tairi linaonekana limejaa. Nisingekumbuka."

"Ulijua mwezi wa tano? Walipokuita mlevi?"

"Sikujua kwa hesabu. Nilihisi ni ile pampu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, Mwalimu? Kwamba mke wa kaka yangu amenishushia pampu?"

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza barabara. Miezi miwili watu walimnusa mdomo kwa macho, na jibu lilikuwa kwenye mlango wa gari, kwa mwandiko wangu.

Nilimgeukia Cornelia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwa Kiswahili cha mkato kwamba hitilafu imeonekana, imerekebishwa, tupakie. Angekubali. Lakini ndiye aliyesimama na habari ya ulevi midomoni mwake, na alikuwa anarudi mjini siku ile ile.

"Umesikia," nilimwambia. "Kasmir hakuwa amekunywa. Tairi lilipasuka kwa sababu ya amri yangu."

"Kwa hiyo mpunga wangu uliumwaga wewe, Mwalimu."

"Ndiyo."

Alinitazama vizuri, kuanzia miwani hadi viatu. Nafikiri alikuwa ametarajia maneno mengi zaidi, na mimi sikuwa nayo.

"Haya," alisema. "Kuna fundi baiskeli hapo nyuma, ana pampu. Jazeni. Sipakii mpaka nione namba hizo hamsini."

"Ziwe hamsini na nne," nilisema. "Bado kuna joto. Tunayafikisha pale lilipo lile lisiloguswa."

"Mimi sikusoma fizikia. Nionyeshe tu."

Kasmir alikanyaga pampu ile ndogo kwa karibu saa nzima, wanaume watatu wa ghalani wakimpokea kwa zamu, na Cornelia akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva akisoma namba kwa sauti ambayo ilisikika hadi sokoni. Alipofika hamsini na nne ya tatu alishuka, akawaamuru wapakie. Magunia ishirini.

Tulipanda mlima jua likiwa bado juu. Kwenye kona ya tatu kutoka chini nilimwona Kasmir akitazama kioo mpaka gurudumu la nyuma kushoto lilipopita. Namba zilipanda, zikafika sitini na moja pale mlimani. Kioo kililia. Hakusimama. Nilimtazama, naye akanitazama, akaongeza gia. Tulipofika juu na upepo wa baridi kutupiga, zilianza kushuka zenyewe, na tulipoingia mjini zilikuwa hamsini na tano. Magunia ishirini yalishushwa kwa Cornelia yakiwa ishirini. Kesho yake alileta mzigo mwingine, na Alhamisi wale wawili waliomkimbia Kasmir walituma watu kuulizia nafasi. Funguo zinakaa mfukoni mwake.

Ile karatasi niliibandua. Pampu imerudi nyuma ya kiti, na Fanueli amebadilisha kiwango cha juu cha kifaa kisiwe kinalia bure mteremkoni. Madereva wengine wawili wameshakuja uani kwangu na daftari zao kuuliza kuhusu hilo la kutoa upepo, nami nimewaeleza kwa furaha, maana ni swali zuri.

Swali jingine linaloulizwa Kizwite ni kama nilimwomba Kasmir msamaha, lini, na kwa maneno gani. Yule mama wa jumuiya ameshalileta, na safari hii ameliandika kwenye karatasi. Jibu liko kati ya watu wawili wa nyumba moja. Nimeshasema lililohusu tairi, na zaidi ya hapo sisemi.